Nyuso za Nyani wa Msitu wa Juu

Vijana wangu, mkija hapa nyumbani kitu cha kwanza mnachoniuliza ni lenzi. Lenzi gani mama, ya milimita ngapi, ya kampuni gani. Nikiwajibu mnaandika kwenye simu, halafu naona mnatafuta viatu vyenu mlangoni. Hakuna anayeniuliza nilikuwa nakaaje. Na kazi yangu ya miaka ishirini na miwili, kusema kweli, niliifanya kwa kukaa.

Nyani hapigwi picha ya uso na mtu aliyesimama. Ukisimama, kwake wewe ni mnyama mrefu mwenye jicho moja kubwa la kioo, na kwa nyani kumkodolea mwenzako jicho ni kumtafutia ugomvi. Kwa hiyo unakaa chini, unampa ubavu, macho yako yako majanini, kamera iko mapajani. Unachuma nyasi. Unajitoa kijiti kwenye sweta. Wakati ukifika unainua kamera polepole, kama mtu anayeinua kikombe cha chai ya moto, unabonyeza mara mbili, unaishusha. Na usitabasamu. Meno yako yabaki ndani, maana nyani akiona meno anasoma kitu kingine kabisa. Miaka mingi nilikuwa nawaambia wateja wangu wa studio wasitabasamu, na kule msituni nikaanza kuambiwa mimi.

Kwa msionijua, mimi ndiye yule Mama Studio wa Karatu. Nilikuwa na chumba kimoja karibu na stendi, pazia la bluu na kiti cha mbao, nikipiga picha za pasipoti, za vitambulisho na za kipaimara. Ilikuwa bado enzi ya filamu, mteja anarudi kesho kutwa kuchukua picha zake. Siku moja akaingia mama mmoja mwenye viatu vya matope, Daktari Rehema, mtafiti wa wanyama. Akaniuliza kama naweza kupiga sura mia moja kwa namna ileile moja, bila kubadilisha chochote. Nikamwambia hiyo ndiyo kazi yangu. Akasema sawa, ila wateja wake hawatakaa kwenye kiti.

Alikuwa anafuatilia kundi la nyani wanaoishi kule juu, mpakani, pale mashamba yanapoishia na msitu wa Ngorongoro unapoanza. Alitaka albamu. Kila nyani picha tatu: ya mbele, ya kushoto, ya kulia, ili yeyote atakayekuja baadaye aweze kumtambua huyu kuwa ndiye huyu. Nilidhani ni kazi ya wiki mbili.

Aliyenifundisha kukaa ni Mzee Bura, askari wa wanyamapori aliyetembea nasi kwa sababu ya nyati na tembo. Alizaliwa kijiji cha Qurus, na utotoni kazi yake ilikuwa kufukuza nyani na tumbili kwenye mahindi ya baba yake. Kamera hakuwahi kuishika. Lakini angeona mgongo tu wa nyani unazama kwenye majani akakwambia huyo ni fulani, mtoto wa fulani, aliyeanguka mtini mwaka juzi. Nilimuuliza anawajuaje. Akaniambia aliwafukuza miaka kumi kabla hajaanza kulipwa mshahara wa kuwalinda, na katika kumfukuza mtu kila siku lazima umjue anakotokea.

Siku yangu ya kwanza nilivaa koti jekundu na nilijipulizia marashi. Dume mmoja mkubwa akakaa kwenye gogo mbele yangu, akafungua kinywa chote, meno chonge marefu kama vidole vyangu. Nikapiga picha. Jioni nikaandika chini yake: ana usingizi. Mzee Bura aliposomewa maandishi yale alicheka hadi akaegemea gari. Akanieleza kwamba yule dume alikuwa ananionyesha atakachonifanya nisipoondoka. Kesho yake nilivaa sweta la kijivu na nilinuka sabuni ya kufulia.

Kosa la pili liliwagharimu wengine. Kulikuwa na dume ambaye sikio lake la kushoto lilikuwa limechanika na la kulia zima. Mimi nilimpiga upande mmoja asubuhi na upande mwingine wiki iliyofuata, nikamwandika namba tisa, kisha nikamwandika tena namba kumi na saba. Mwezi mzima Daktari Rehema alimtafuta namba kumi na saba. Alianza kuhofia kwamba chui amemla. Mwishowe Mzee Bura akaziweka picha mbili mezani, akayafunika masikio kwa vidole gumba, akatuonyesha mkunjo uleule juu ya pua. Akasema, "Mama Studio, huyu umemzalia pacha."

Tangu siku hiyo sikumwandika nyani hadi nimemwona pande zote.

Mnauliza pia mwanga. Uso wa nyani ni mweusi na unang'aa, na manyoya yake yamechanganya kijani na kahawia. Jua likiwa kali, uso unakuwa shimo jeusi, au ukiuokoa uso manyoya yanaungua kwa weupe. Asubuhi za ukungu, zile ambazo wageni hulalamika hotelini kwamba kreta haionekani, ndizo zilikuwa asubuhi zangu. Ukungu ni pazia kubwa kuliko lile langu la bluu. Kila mkunjo unaonekana. Weka shabaha kwenye jicho lililo karibu nawe. Jicho likiwa safi, pua hata ikififia watu watakusamehe. Futa lenzi mara kwa mara kwa kitambaa kikavu ulichokificha kifuani. Na asubuhi mapema usikae chini ya mti waliolalia. Hilo sitalieleza zaidi, ila niliosha kamera na kichwa.

Siku hizi kuna kompyuta inayotambua nyuso zao yenyewe. Nimeijaribu, ni hodari kweli. Lakini mimi nilikaa nao hadi nikawa nawaota. Nyuso zao hazifanani hata kidogo. Yuko mwenye pua iliyopinda kama ya mwalimu wangu wa hesabu. Yuko jike aliyekuwa na uso wa mtu aliyesahau kitu jikoni. Na ukimwona mama nyani anavyoshika kidevu cha mwanawe, anakigeuza huku na huku kutafuta kupe, unaona kabisa mama yeyote wa hapa Karatu Jumapili asubuhi kabla ya kanisa.

Sasa nitawaambia juu ya Kope, kwa sababu yeye ndiye niliyemkosea.

Kope alikuwa jike kijana. Jina alipewa na Mzee Bura, kwa kuwa juu ya kope yake ya kushoto alikuwa na kovu jeupe, na kila akipepesa ungedhani ametiwa chokaa. Alikuwa mpole na mwangalifu. Picha zake za pembeni nilizipata mapema. Ya mbele ilinishinda miezi minne. Nikiinua kamera, anageuza shingo. Wenzake wote walikuwa wamekamilika kwenye albamu, yeye ana nafasi tupu.

Siku moja Mzee Bura alikuwa mbele akiangalia nyayo za tembo, nami nimebaki nyuma peke yangu. Kwenye mfuko wangu wa kitenge nilikuwa na kiazi kitamu cha kuchemsha, chakula changu cha mchana. Nilimega kipande nikakiweka kwenye jani, mbali kidogo. Kope akakitazama. Akaja, akakichukua, akarudi. Nilijua ni makosa. Kulikuwa na sheria, na Daktari Rehema alikuwa ametusomea siku ya kwanza: hakuna chakula, hata ganda. Lakini nilijiambia ni kipande kimoja.

Zikawa asubuhi sita. Kila asubuhi kipande kikakaribia magoti yangu. Asubuhi ya sita Kope alikaa umbali wa mkono wangu, akanigeuzia uso wote. Ukungu ulikuwa mzuri. Nilibonyeza mara mbili.

Ile picha ni nzuri, siwezi kuikana. Unaona vinyweleo vya pembeni ya midomo, vumbi kwenye paji, kovu kama uzi. Na ndani ya mboni, ukiangalia vizuri, niko mimi nimekaa na kamera yangu. Daktari Rehema aliiweka mwanzoni mwa albamu na nyingine kubwa akaitundika ofisini. Wageni walisimama mbele yake muda mrefu. Wakiniuliza nimeipataje, nilijibu, "Ni subira tu."

Mzee Bura peke yake hakuisifu. Aliishika kwenye mwanga wa dirisha kwa muda mrefu, kisha akagusa shavu la Kope kwa kidole. Nyani, kama mjuavyo, wana vifuko mashavuni wanamohifadhia chakula. Akaniuliza shavu hilo limejaa nini wakati mikuyu haijazaa. Nikasema labda ni mizizi. Akairudisha picha mezani.

Miezi michache baadaye tukaanza kusikia habari kutoka kijijini. Nyani mmoja alikuwa anawafuata wanawake wanaokwenda kuokota kuni. Hawafuati wanaume. Anawafuata wanawake wenye mfuko. Mara ya kwanza walicheka. Mara ya pili alivuta mfuko ukachanika. Mara ya tatu ilikuwa Mama Elibariki, mkulima wa pale mpakani, mama wa watu wazima, amebeba makande yake kwenye mfuko wa kitenge. Nyani akaja akakaa mbele yake kama anayesubiri. Mama Elibariki akarudi nyuma, nyani akaushika mfuko, wakavutana, mama akaporomoka kwenye ukingo wa barabara akavunjika kifundo cha mkono.

Niliposikia neno kitenge, nilijua ni Kope. Lakini sikusema.

Mkutano ukaitishwa kwenye uwanja wa kijiji. Watu walikuwa na hasira, na walikuwa na haki. Nyani waliwalia mahindi yao kila mwaka na walikuwa wamevumilia. Kuvunjwa mikono lilikuwa jambo jingine. Mmoja akasema wazi kwamba ndizi chache zenye sumu zitamaliza kundi zima kwa siku moja. Afisa wa wanyamapori aliyekuja alisema hapana, hatauawa asiyehusika. Lakini yule mmoja aliyezoea watu atapigwa risasi, kwa sababu safari ijayo atauma mtoto. Akauliza nani anaweza kumtambua. Daktari Rehema akaniashiria nipeleke albamu.

Niliibeba mwenyewe, nikaiweka kwenye magoti ya Mama Elibariki. Mkono wake ulikuwa umefungwa plasta hadi kiwiko. Akafungua jalada tu, ukurasa wa kwanza, akamwona Kope.

"Ni huyu," akasema. "Na alikaa mbele yangu hivihivi, ananiangalia."

Afisa akatoa kalamu aandike namba. Kazi yote niliyoifanya, sura zote zile, lengo lilikuwa mtu aweze kusema huyu ndiye. Na sasa amesema. Niliona kalamu inagusa karatasi, nikasimama.

"Nyani huyo nilimfundisha mimi," nikasema. "Nilimpa chakula ili nimpige picha."

Daktari Rehema aliniangalia kama mtu asiyenijua. Mama Elibariki ndiye aliyeuliza.

"Ulimpa nini?"

"Kiazi kitamu."

"Kutoka kwenye mfuko kama wangu?"

"Kama wako, mama."

"Basi alidhani mimi ni wewe," akasema.

Nilitamani anitukane. Hakunitukana. Aliyesimama baadaye ni Mzee Bura, kofia mkononi. Akasema yeye aliliona shavu kwenye picha, akajua, akanyamaza kwa kunionea haya, kwa hiyo makosa yamegawanyika mara mbili. Kisha akamgeukia Mama Elibariki, akamwita aayo, yaani mama kwa Kiiraqw, ingawa walikuwa rika moja. Alimwomba muda hadi mahindi yaanze kutoa mbelewele, yale maua yake ya juu. Kama mtu amemfundisha Kope kukaribia, mtu huyohuyo ajaribu kumfundisha kukimbia. Akimgusa binadamu mmoja zaidi kabla ya hapo, yeye Bura mwenyewe atamwonyesha afisa alipo.

Afisa alimtazama Mama Elibariki. Na yeye alikuwa akisugua plasta kwa kidole. Mwishowe akasema kwamba kuni zinahitajika kila siku, na kama huyu mpiga picha atatembea mbele yao kila asubuhi, sawa. Mbele, si nyuma.

Daktari Rehema aliniambia njiani kwamba hajui kama nitaendelea na kazi yake. Nilimwambia anayo haki. Tuliachana hivyo.

Asubuhi ya kwanza nilitembea mbele ya wanawake saba na mfuko wangu wa kitenge begani, mtupu. Nyuma yao alikuwa Mzee Bura. Nilikuwa nimebeba debe na fimbo ya kulipigia, na mfukoni madonge ya udongo. Kope alitoka kwenye kichaka kabla hatujafika kwenye kuni. Hakuja kwa wengine. Alinijia mimi, akakaa umbali wa mkono, akanipa ubavu, macho majanini, akachuma jani. Nilivyokuwa nakaa mimi. Alikuwa amejifunza adabu zangu zote.

Nilipiga debe. Akashtuka, akasogea hatua mbili, akakaa tena. Nilishika donge la udongo na mkono ukakataa. Mmoja wa akina mama akainama kuokota jiwe, Mzee Bura akamzuia.

"Wakitupa wao, atawaogopa wao tu," akaniambia. "Anaujua mkono wako. Tupa wewe."

Nikatupa. Donge lilimpata begani likapasuka. Kope hakukimbia. Alijigusa bega, akautazama udongo kwenye vidole, akaunusa. Halafu akaniangalia usoni, uso wote wa mbele, ule nilioutafuta miezi minne. Nikatupa la pili. Hapo ndipo akaondoka, tena kwa kutembea.

Ilikuwa hivyo siku nyingi. Alikuja, nikapiga debe, nikatupa, akaondoka polepole, kesho akarudi. Wiki ya pili nilikuwa nimekonda. Akina mama ambao mwanzoni hawakunisemesha wakaanza kunigawia uji. Mama Elibariki alikuja kila siku japo hakuweza kubeba kuni kwa mkono ule. Alisema anataka kuona mwisho wake kwa macho yake. Wiki ya tatu Kope alitokea nyuma yetu bila kutarajiwa, akaushika mkanda wa mfuko wangu akavuta. Mzee Bura tayari alikuwa ameishusha bunduki begani. Nilipiga kelele ambazo sijawahi kuzipiga, nikamkimbilia Kope na debe hadi ndani ya miiba, nikaanguka, nikainuka, nikamkimbilia tena. Niliporudi nilikuwa nimechanika sketi na uso. Mama Elibariki alinitoa miiba kichwani mmoja mmoja kwa mkono wake mzima. Akasema, "Leo amekuogopa kidogo."

Siku nne hatukumwona. Siku ya tano tulipanda kilima na ukungu ulikuwa unainuka. Kundi lilikuwa kwenye ukingo wa msitu, wanachimba. Kope alikuwa katikati, ana mtoto mdogo ambaye manyoya yake bado ni meusi. Akainua kichwa, akaniona, akaona mfuko. Alibweka mara moja kwa nguvu, akamkwapua mtoto, akambana tumboni akakimbia, na kundi lote likamfuata hadi majani yakaacha kutikisika.

Akina mama walipiga vigelegele. Mimi nilikaa chini palepale barabarani nikalia, na kwa kweli nilikuwa na furaha, msifikiri vinginevyo. Mahindi yalipotoa mbelewele afisa alikuja, akauliza, akaambiwa hakuna aliyeguswa. Akaondoka na bunduki yake.

Daktari Rehema alinirudisha kazini baada ya miezi miwili. Hakunieleza sababu, alileta tu kamera mpya ya dijitali na lenzi ndefu, akasema kuanzia sasa nitapiga picha kutoka mbali na nitaandika kila picha nilipokuwa nimekaa na nilikuwa na nini mkononi. Ile picha kubwa ya ofisini aliishusha. Mimi sikumwomba airudishe.

Nikimkuta mtu msituni leo na simu, anamwonyesha kima ganda la ndizi ili amfikie karibu, huwa mkali kuliko askari. Nawasimulia hivi ili mjue ukali huo umetoka wapi. Picha yako ikishapatikana unarudi nyumbani. Mnyama anabaki pale na ulichomfundisha, na anayekutana naye kesho ni mama wa watu na makande yake.

Katika albamu kila nyani ana uso wake wa kila mwaka, unamwona anazeeka. Kope ana uso mmoja tu, kisha migongo mitupu, mwaka baada ya mwaka, anakimbia. Nilijifunza kumtambua kwa mgongo kama Mzee Bura, ambaye sasa ni marehemu. Kila mwaka niliangalia kwanza kama yuko, halafu kama ana mtoto.

Mwaka niliostaafu nilimpata asubuhi moja akivuka uwazi, tayari mzee, mkia umepinda, anakimbia kwa shida. Mtoto alikuwa amempanda mgongoni. Nilipoinua kamera mtoto akageuka, akanitazama moja kwa moja, uso wote, masikio yamewaka kwa mwanga, kope zote mbili safi. Hakuna picha kama hiyo katika albamu nzima. Nilibonyeza mara moja. Kisha nikaiweka kamera chini, nikasimama wima, nikapiga makofi kwa nguvu, hadi na yeye akauficha uso wake kwenye manyoya ya mama yake.